Kivuli cha muvi ya zamani: kwa nini Superman Returns iliumia na Batman Begins ikapona?

Mkaguzi wa Skrini (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Naandaa makala kuhusu muvi za mashujaa zinazoanza upya na nimekwama mahali. Kila ikitoka mpya, watu wanaiburuza mbele ya ile ya zamani: kwa Superman, David Corenswet hamfikii Christopher Reeve; kwa Batman, Robert Pattinson si Christian Bale; kwa Spider-Man, Andrew Garfield kakalia kiti cha Tobey Maguire. Hilo tumelizoea. Linalonishinda ni kwamba kivuli hiki hakiwaangukii wote kwa uzito mmoja.

Chukueni mbili za studio moja, Warner Bros. Batman Begins ya 2005 iliingiza takriban dola milioni 374 duniani kote. Superman Returns ya 2006 iliingiza takriban milioni 391. Kwa macho ya haraka ya pili imeshinda. Lakini ya kwanza ndiyo iliyozaa mwendelezo wa 2008, The Dark Knight, na ya pili mwendelezo wake ukafia mezani. Superman hakupata tena muvi yake ya sinema hadi 2013, na aliporudi alikuwa na sura nyingine.

Naomba msaada kwenye mambo matatu. Ulinganisho unaiumiza muvi wapi hasa: kwenye tukio lipi, sauti ipi, mstari upi? Asili ya shujaa (buibui kuuma, wazazi kupigwa risasi kichochoroni, sayari kulipuka) irudiwe au irukwe? Na mapato ya 2002 unayawekaje kwenye mizani moja na ya 2012 bila kuwadanganya wasomaji?

Ubishi wa Marvel na DC una nyuzi zake, tusiulete huku tafadhali.

---

Fundi Mkasi

Mkuu, Superman Returns ndiyo iliyokiita kivuli kije. Angalia ilivyoazima kutoka Superman ya Richard Donner ya 1978. Maandishi ya mwanzo ya rangi ya buluu yanayopaa angani, yaleyale. Machi ya John Williams, iliyopangwa upya na John Ottman, ambaye ndiye pia alikuwa mezani kwa uhariri. Picha na sauti ya Marlon Brando kama Jor-El, baba wa Superman, miaka miwili baada ya Brando kufariki. Brandon Routh, kijana asiyejulikana na wengi, anafanana na Christopher Reeve kiasi cha kushtua. Hata njama ya adui, Lex Luthor, ni ileile ya viwanja: 1978 ananunua jangwa kisha anataka kuizamisha pwani ya California kwa kombora, 2006 anaotesha nchi mpya baharini kwa fuwele za Krypton, sayari alikozaliwa Superman, ili nchi kavu ya watu wengine imezwe na maji.

Sasa litazame tukio la ndege, maana ndilo bora kuliko yote humo na ndilo linaloonyesha ugonjwa. Ndege imebeba chombo cha anga mgongoni, mambo yanaharibika, inaanza kuporomoka. Superman anashika bawa, bawa linang'oka mkononi. Anaizunguka hadi puani, anasukuma, bodi inajikunja kama kopo, na inasimama futi chache tu juu ya uwanja wa besiboli uliojaa watu. Kitu cha namna hiyo 1978 hakikuwezekana kupigwa picha. Hapo muvi imejipatia chake. Halafu anaingia ndani, anawatuliza abiria kwa mzaha wa takwimu kwamba usafiri wa anga bado ndio salama kuliko wote.

Mzaha huo ni wa Reeve. Kule 1978 alimwambia mwandishi wa habari Lois peke yake, mwanamke aliyetoka kudondoka kwenye helikopta juu ya jengo la gazeti, akadakwa na mtu anayeruka, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona mjini pale. Takwimu za ndege mdomoni mwa mtu asiyehitaji ndege, hapo ndipo kicheko kilipotoka. Mwaka 2006 anayecheka ni yule anayekumbuka. Kijana wa miaka 15 haoni cha kuchekesha, na baba yake tayari akili imerudi 1978. Yaani dakika ambayo muvi ilikuwa juu kabisa, ikachukua ushindi wake ikaikabidhi muvi ya 1978.

Batman Begins ilikuwa na bahati mbili na ujanja mmoja. Bahati ya kwanza: aliyetangulia alikuwa Batman & Robin ya 1997, ambayo hakuna aliyetaka kuitetea, kwa hiyo kivuli kilikuwa kifupi. Bahati ya pili: kiwanja cha asili kilikuwa wazi. Tim Burton 1989 anamkuta Batman yuko kazini tayari. Mafunzo, vazi limetoka wapi, gari limetoka wapi, hakuna muvi iliyokuwa imekaa chini kuyaonyesha hayo. Christopher Nolan akayajaza: vazi ni mali ya jeshi iliyokataliwa, gari ni kifaa halisi kilichotengenezwa na kikaendeshwa kweli barabarani.

Ujanja ni maadui. Akawachukua Ra's al Ghul na Scarecrow, ambao sinema ilikuwa haijawagusa. Joker akaachwa hadi mwisho kabisa, tena karata tu mkononi mwa polisi Gordon. Fikiria Joker angeingia 2005: kila gazeti lingeandika kuhusu Jack Nicholson, Joker wa 1989. Walipomleta Heath Ledger 2008, mtazamaji alishakuwa raia wa Gotham hii mpya, na Nicholson akawa mgeni.

---

UtandoUziMmoja

Naunga mkono hoja ya Fundi. Nijibu swali la asili, na mfano mzuri kuliko wote ni kifo cha Uncle Ben, mjomba wa Peter Parker (Spider-Man), 2002 dhidi ya 2012. Yaweke kando kwa kando, viungo vyake uvione.

Sam Raimi, 2002. Peter anataka gari ili Mary Jane, msichana anayempenda, amwone. Gazetini kuna tangazo: dola 3,000 kwa atakayesimama ulingoni dakika 3. Anamdanganya mjomba wake kwamba anakwenda maktaba, mjomba anampeleka na kumsubiri. Ulingoni anashinda mapema mno, kwa hiyo promota anampa dola 100 tu. Jambazi anamwibia promota, anapita mbele ya Peter, Peter anampisha. Jambazi huyohuyo anataka gari la kukimbilia, na gari lililo karibu lina Uncle Ben ndani. Hesabu: tamaa, uongo, dhuluma, kisasi cha kukaa kimya, msiba. Kila pingu ya mnyororo huo imefungwa na Peter mwenyewe. Hata mahali mjomba alipofia pametokana na uongo wake.

Marc Webb, 2012. Peter yuko dukani, anataka maziwa ya chokoleti, amepungukiwa senti 2, muuzaji hataki. Mwizi anakomba pesa za duka, anamrushia Peter yale maziwa, Peter hamzuii. Nje Uncle Ben, aliyekuwa akimtafuta Peter baada ya ugomvi nyumbani, anakutana na mwizi, wanavutana bastola, anapigwa.

Umeona kilichotokea? Nafasi mbili zimebaki (amwache mwizi, mjomba afe), lakini vilivyowekwa humo havibebi mzigo uleule. Senti 2 za maziwa haziwezi kukaa palipokaa dola 2,900 za dhuluma. Waandishi walikuwa wamefungwa mikono: wakiweka ulingo watasemwa wananakili, wakiuondoa lazima kitu kingine kishike paa. Na mwenyewe utaucheka ule utani wao: Peter anatoboa paa la jengo bovu, anaangukia kwenye ulingo wa zamani wa mieleka, anatazama picha ya mwanamieleka ukutani, na hapo ndipo anapata wazo la kinyago. Ulingo wa Raimi wameuleta kama samani! Halafu muuaji mwenye tatuu ya nyota mkononi anatafutwa robo ya muvi, kisha anasahaulika, hapatikani hadi mwisho.

Tatizo halikuwa mwongozaji peke yake. Sony ilikuwa na haki ya kumtumia mhusika kwa sharti la kuendelea kutengeneza muvi. Ya nne ya Raimi ilipovunjika Januari 2010, ikabidi wakimbie. Ikatoka Julai 2012, miaka mitano tu baada ya ya tatu, na kumi baada ya ile ya kwanza. Watoto waliomwona Maguire hawakuwa wamemaliza hata chuo. Ikatangazwa kuwa ni hadithi ambayo haijasimuliwa, siri ya wazazi wa Peter, kisha sehemu ya siri hiyo ikakatwa kabla ya kutoka. Kilichobaki kikawa hadithi iliyosimuliwa.

Kuna jambo la pembeni lakini ni muhimu kwa makala yako. Muvi ya 2012 ilirudisha mashine za kurushia utando mikononi, kama zilivyo kwenye vitabu vya katuni tangu 1962. Kwa Raimi utando unatoka mwilini. Watu kibao waliona mashine kama uzushi! Mtazamaji analinganisha na alichokiona kwanza, na kilichoandikwa kwanza hakimhusu.

Tom Holland, Spider-Man aliyefuata, 2016 alipitishwa dirishani: ndani ya muvi ya Captain America, chumbani kwake, mistari michache tu kuhusu kuwa na uwezo, kutoutumia, na mabaya kutokea kwa sababu hiyo. Jina la Ben halitajwi. Usemi wenyewe wa nguvu na wajibu (nguvu kubwa huja na wajibu mkubwa) wakaufungia kabatini hadi 2021, wakampa Aunt May anakata roho. Kwa kuwa kwa Peter huyu ulikuwa haujasikika bado, ukauma upya.

---

Karani wa Dirishani

Najibu swali la mizani tu, mengine mmeyaweza.

Usilinganishe dola kwa dola. Tafuta tiketi. Chukua pato la Marekani na Kanada, gawanya kwa wastani wa bei ya tiketi ya mwaka ule:

Spider-Man, 2002: milioni 403.7 ÷ 5.81 = tiketi kama milioni 69.5
The Amazing Spider-Man, 2012: milioni 262 ÷ 7.96 = kama milioni 33
Spider-Man: Homecoming, 2017: milioni 334 ÷ 8.97 = kama milioni 37

Kwa dola za dunia nzima, 2002 ina karibu milioni 822 na 2012 karibu milioni 757, utadhani wako bega kwa bega. Kwa vichwa vilivyoketi kitini nyumbani kwao, ya pili haijafika hata nusu. Tena 2012 ilikuwa na maonyesho ya 3D yenye nyongeza ya bei, kwa hiyo idadi halisi inashuka zaidi ya hapo. Na usimlundikie Maguire lawama zote: Julai ile ilibanwa kati ya The Avengers iliyotoka Mei na The Dark Knight Rises iliyotoka tarehe 20 mwezi huohuo.

Sasa fumbo lako la 2005 na 2006. Pato la mlangoni si pesa ya studio. Kanuni ya vidole: nusu ya Marekani na Kanada, kama asilimia 40 ya nje (China ni chini zaidi, 25).

Superman Returns: nyumbani milioni 200, studio inapata 100. Nje 191, inapata kama 76. Jumla 176. Bajeti ilikuwa kama milioni 204, na hapo sijaweka matangazo wala madeni ya miradi ya Superman iliyokufa njiani tangu miaka ya 1990, ukiwemo ule wa Tim Burton na Nicolas Cage, ambayo yalibebeshwa muvi hii.

Batman Begins: nyumbani kama 205, inapata 102. Nje kama 168, inapata 67. Jumla 169 dhidi ya bajeti ya 150.

Moja iko juu ya maji, nyingine iko chini, kabla hujafungua mdomo kuhusu Reeve. Angalia pia jinsi ilivyokwenda. Batman Begins wikiendi ya kwanza ilikusanya kama milioni 49 na ikamaliza na zaidi ya mara nne ya hizo, maana yake watu walikwenda kuwaambia wenzao. Superman Returns ilitoka Jumatano ya Juni 28, na Julai 7 wakaja maharamia wa Johnny Depp (Pirates of the Caribbean) na milioni 135 za wikiendi moja. Kivuli kipo, sikatai, lakini ukikiandika bila maharamia utakuwa umeonea.

---

Mkaguzi wa Skrini

Karani, hiyo hesabu naiweka kama ilivyo, asante. UtandoUziMmoja, "ulingo kama samani" naomba ruhusa niuibe.

Lakini kuna kitu hakijakaa. Mnaniambia rukeni asili, badilisheni adui, msiguse muziki wa zamani. Man of Steel (2013) ilifanya karibu yote hayo kwa Superman: Hans Zimmer hakugusa noti moja ya Williams, chupi nyekundu ikavuliwa, rangi zikapauka. Bado ikapigwa, na pigo kubwa ni pale alipomvunja shingo adui yake Zod, kwamba Superman wa Reeve asingeua. Upande wa pili, Fantastic Four ya 2025 iliruka asili vizuri tu, inaanza wana nguvu zao miaka minne sasa, na haikupaa kivile. Dawa ni ipi?

---

Kinara wa Zamu ya Saa Nane

Kiongozi, dawa hakuna. Kuna kujua unapambana na nini, na mara nyingi si muvi. Ni kumbukumbu ya muvi, nayo imepigwa pasi.

Irudie Superman II, ile iliyoingia sinema kuanzia 1980. Zod amenyang'anywa nguvu, ni mtu wa kawaida sasa. Superman anamponda mkono, anamnyanyua, anambamiza ukutani, Zod anateleza hadi kwenye shimo lenye ukungu. Hatumwoni tena. Reeve anatabasamu. Miaka 33 baadaye watu wanaapa Superman wa Reeve hakuua mtu. Tofauti ni namna ilivyopigwa picha: kule ukungu, hakuna sauti ya mfupa, muziki unacheza. Zack Snyder, mwongozaji wa Man of Steel, anakubakiza kwenye uso, unasikia shingo ikikatika, Superman anapiga ukelele. Tukio moja limefanywa jepesi, lingine zito, na kumbukumbu ikalifuta lile jepesi.

Batman naye vilevile. Watu walilalamika Batman wa Ben Affleck anaua. Wa Michael Keaton (1989 na 1992) alilipua kiwanda cha kemikali kikiwa na watu ndani, na kwenye Batman Returns akamfunga jitu bomu kifuani huku akitabasamu. Na huyo Keaton tunayemtukuza leo, alipotangazwa, barua za kupinga zinazotajwa kumiminika studio ni 50,000. Mzani wa leo ulikuwa mshtakiwa wa jana.

Man of Steel haikuruka asili, hapo nakusahihisha mkuu. Ilitumia muda mrefu Krypton, ikalipua sayari upya, ikamchukua na Zod, adui ambaye Terence Stamp alishamwekea muhuri. Kwa hiyo ilibadilisha sauti na rangi, ikaacha mifupa. Kwa Batman ya 2022 Matt Reeves alifanya kinyume chake: risasi za kichochoroni hazimo kabisa, Bruce yuko mwaka wake wa pili kazini, na muvi yenyewe ni ya upelelezi, mwuaji anaacha mafumbo na mvua haikatiki. Nolan alikuwa na Chicago ya vioo, huyu akaenda Liverpool na Glasgow kwa mawe meusi. Kuna picha moja inatosha kueleza: Pattinson anavua kinyago, na rangi nyeusi ya machoni imebaki, imechuruzika. Wote waliotangulia waliificha ile rangi. Keaton 1992 anararua kinyago na rangi imeyeyuka kimiujiza kati ya pigo moja la kamera na jingine. Unapoonyesha kitu ambacho wenzako walikificha, mtazamaji anasahau kulinganisha, anatazama.

Fantastic Four ni ugonjwa mwingine. Hapo hakuna Reeve wa kumwogopa. Kuna 2005, 2007, na ile ya 2015 iliyoingiza kama milioni 168 tu duniani. Kivuli cha kushindwa. Muvi mpya ilifungua na karibu milioni 118 Marekani, ambayo si haba, kisha wikiendi ya pili ikadondoka kama asilimia 66. Mashabiki walikuja siku ya kwanza, majirani zao hawakuja. Jirani anakumbuka tu kwamba hawa wanne wanaboa, na tangazo haliwezi kumshawishi kwamba safari hii adui wao Galactus ana mwili (2007 alikuwa wingu, wingu kabisa, mpaka leo sijui nani alisaini lile).

Mfano mbaya kuliko huo ni Dredd ya 2012, iliyopigwa Afrika Kusini, Cape Town na Johannesburg. Dosari ya ile ya Stallone ya 1995 waliijua na wakaitibu: kwenye katuni Dredd havui kofia, Stallone aliivua, Karl Urban hakuivua hata mara moja, kaigiza muvi nzima kwa kidevu. Wapenzi wa katuni wakashukuru. Wengine walisikia jina tu wakasema ile ya Stallone, hapana. Wikiendi ya kwanza Marekani ikapata kama milioni 6.

---

Bi Mwanaisha wa Pwani

Mwaniacha nicheke na kivuli chenu. Mbona Spider-Man: No Way Home ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1.9 kwa kuwaleta haohao wawili wa zamani, Maguire na Garfield, uwanjani pamoja na Holland? Ulinganisho ndio ulionunuliwa tiketi.

---

Fundi Mkasi

Bi Mwanaisha, shikamoo, na hoja yako ina miguu. Ila mwaka 2023 The Flash ilimrudisha Keaton, ikamchora Reeve kwa kompyuta, ikamleta hadi Nicolas Cage akipigana na buibui mkubwa, yaani ule mradi uliokufa aliousema Karani. Ikaingiza kama milioni 271 duniani, na bajeti yake ilikuwa karibu 200 au zaidi.

Tofauti naiona kwenye deni. Garfield alibaki na deni tangu 2014: Gwen, mpenzi wake, alianguka, utando ukamfikia, na akafa. 2021 MJ, mpenzi wa Peter wa Holland, anaanguka, Garfield anaruka, anamdaka, anashuka naye chini, na uso wake unakuambia yote bila neno. Ukiitoa ile ya 2014, tukio hili halisimami. Keaton alikuwa hadaiwi na mtu. Reeve wa kompyuta ndiyo kabisa: anasimama, anatazama, kamera inapita. Ukumbusho usio na kazi kwenye hadithi unamfanya mtu atamani kwenda kutazama ile nyingine.

Na hapohapo Superman ya James Gunn ya 2025 ina somo la muziki. Noti za Williams zimo, lakini zimepitishwa kwenye gitaa la umeme na hazipigwi mwanzo hadi mwisho kama wimbo wa taifa. Chupi nyekundu imerudi, Krypton hailipuki mbele yetu, maandishi machache mwanzoni yanahesabu kwa tatu tatu (miaka 300, 30, 3, hadi dakika 3 zilizopita) kisha stelingi anadondoka kwenye theluji, kapigwa. Kumwona Superman kwa mara ya kwanza akiwa ameshindwa pambano, hiyo Donner hakukuachia mahali pa kuipima.

---

Bi Mwanaisha wa Pwani

Marahaba mwanangu. Hilo la deni nimelikubali.

---

Mkaguzi wa Skrini

Nimepata zaidi ya nilichoomba. La mwisho, la kiufundi: nikiketi kuzilinganisha tukio kwa tukio, nifanyeje nisipotee? Na za zamani zina matoleo mengi, nishike lipi?

---

Kinara wa Zamu ya Saa Nane

Karatasi moja, safu nne. Tukio, muvi ya zamani ililitumia kufanya kazi gani, mpya inalitumia kufanya kazi gani, nani anabeba uzito (shujaa, adui, au bahati mbaya). Usianze na waigizaji, utazama kwenye sura za watu. Anza na matukio ambayo hadithi haiwezi kukwepa, matano au sita hivi. Ya mpya itazame kwanza, ya zamani baadaye, kinyume na wengi wanavyofanya. Ukianza na ya zamani kalamu yako itakuwa imeshaegemea. Safu ya tatu ikitoka sawa na ya pili mara tatu au nne, hapo umempata mgonjwa. Kwa 2012 itatoka hivyo. Kwa Batman Begins safu ya pili itabaki tupu sehemu nyingi.

Matoleo: shika lililoingia sinema, kwa sababu ndilo lililojenga kumbukumbu. Superman ya 1978 ni dakika 143. Kuna ya televisheni ya dakika 188, hiyo iache kabatini. Kwenye Superman II uwe macho zaidi. Donner aliondolewa katikati, Richard Lester akamalizia, na toleo la Donner likatoka 2006, mwaka uleule wa Superman Returns. Humo Superman anaiharibu ngome yake kisha anarudisha muda nyuma, kwa hiyo kesi ya Zod inageuka kabisa. Na kuna kipande kilichokatwa, kikaonekana kwenye televisheni, ambapo polisi wanawachukua Zod na wenzake wakiwa hai. Mtu atakuletea kipande hicho kukuthibitishia kwamba Reeve hakuua. Mwulize kilikuwemo kwenye sinema?

---

UtandoUziMmoja

Mkuu, samani chukua, sidai.